Meno ya Achola

Mwaka 2019, katika kiangazi cha Januari, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Nilikuwa mjane wa miezi kumi na moja na mama wa mtoto mmoja wa miezi sita, na katika boma letu lenye nyumba tano hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kumshika mtoto huyo.

Naandika haya baada ya mambo kutulia. Wakati ule nisingeweza, kwa sababu mikono yangu haikuwa yangu. Namwandikia mwanamke anayetembea ndani ya chumba chake akiwa na mtoto begani, mtoto anayetafuna kola ya gauni lake na kulia, na ambaye hana wa kumwambia, "Hebu nishikie kidogo." Wengine wasome kama wana nafasi.

Mume wangu alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2018. Alikuwa fundi wa injini za mashua huko Asembo Bay, mtu wa maneno machache na mikono iliyonuka mafuta hata siku za kwenda kanisani. Tulikaa miaka kumi na tano bila mtoto. Badala ya kunilaumu, alinipeleka darasa la watu wazima nikiwa na miaka ishirini na sita, nikafanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka thelathini, na wa kidato cha nne nikiwa na thelathini na saba. Siku aliyozikwa, mimba yangu ilikuwa ya miezi minne. Mtoto alizaliwa Jumanne, tarehe 10 Julai. Mama mkwe, akiwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, alitamka jina kwa sauti ili nilisikie kutoka kwangu: Achola. Ndilo jina la msichana ambaye baba yake amezikwa kabla hajazaliwa.

Alilitamka kutoka mbali kwa sababu hakuweza kuja. Mjane wa kwetu huwa katika hali iitwayo chola mpaka atolewe, na kwa desturi anayemtoa ni mwanamume wa ukoo wa marehemu, anayeingia nyumbani kwake na kuchukua nafasi ya mume. Kabla ya hapo mjane haingii nyumba ya mtu, na watu hawaingii kwake. Sisemi kwamba kila ukoo hushika hivyo siku hizi. Najua wengi wameacha. Wetu ulishika, na ulishika hata kwa mtoto: aliyezaliwa ndani ya chola hapakatwi na mtu wa boma mpaka mama yake atolewe, la sivyo mabaya humfuata yeye na aliyempakata. Mama mkwe aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Ningependa hilo lieleweke mapema, kwa maana mwanamke yule hakuwa mkatili. Alikuwa akimwogopea mjukuu wake.

Aliyeteuliwa kuniingia alikuwa Ouma, mdogo wa marehemu, mwenye duka la vipuri vya pikipiki huko Bondo. Nilikataa. Walisema nimekataa kwa sababu nimesoma. Sivyo. Nilikataa kwa sababu niliwahi kuwa na mume, na nilijua tofauti kati ya mume na mtu aliyetumwa.

Ouma mwenyewe alikuja siku moja, akasimama nje ya ua wa michongoma, akakohoa.

"Shemeji."

"Karibu, shemeji. Najua huwezi kuingia."

"Nimetumwa na wazee nikuulize tena."

"Waambie umeniuliza."

Alitazama viatu vyake. "Na mimi nimetumwa na mke wangu nikuambie ukikubali atanihamisha na godoro langu."

"Basi kati ya hao wawili unamwogopa nani zaidi?"

"Wazee wanalala, shemeji. Mke wangu halali."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mwaka ule, na nilicheka peke yangu, kwa sababu yeye alikuwa ameshaondoka upesi asije akaonekana.

*

Mate yalianza kumtiririka Achola Jumatatu, tarehe 14 Januari. Kufikia mwisho wa juma hilo kidevu chake kilikuwa chekundu, kifua kimelowa, na kila kilichoingia mkononi mwake kilielekea kinywani: kona ya kanga, mkanda wa saa ya marehemu, kidole changu. Hasa kidole changu. Alikishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayekula muwa, akakibana kwa fizi zake kwenye fundo la pili, na akitulia hapo, nami nilitulia. Nikikitoa, dunia ilisimama kwa kilio chake.

Nilijifunza mengine kwa kujaribu. Kitambaa safi cha pamba, kilichochemshwa, kukamuliwa na kuwekwa ndani ya bakuli lenye mfuniko karibu na mtungi wa maji, hupoa kiasi cha kumtuliza mtoto kwa muda wa kuosha vyombo. Kijiko cha alumini hupoa zaidi, lakini lazima ukishike wewe. Mate yafutwe kwa kugusagusa, wala si kwa kusugua, kisha kidevu kipakwe mafuta ya mgando kabla ya kulala, maana ngozi iliyochubuka humliza mtoto hata pale jino linapopumzika. Mtoto anyonyeshwe anapotaka, na akikuuma usipige kelele, kwa sababu atashtuka na kuuma tena. Walioniambia nimfunge uzi wenye shanga shingoni niliwashukuru bila kuufunga. Waliosema nimpake majani machungu kwenye fizi niliwauliza kama wangeyapaka macho yao. Naam, nilikuwa mwanamke wa majibu. Mtu asiye na wa kumsaidia hubaki na majibu tu.

Mtungi huo sikuwa nao mwanzoni, na maji ya ndani ya ndoo ya plastiki hayapoi mwezi wa Februari. Nililalamika hivyo siku moja kwa sauti, nikimwambia Achola, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuambiwa. Asubuhi iliyofuata nilikuta mtungi mdogo mpya wa udongo umewekwa mpakani, pale ambapo ua wangu unakutana na njia ya kwenda kwa mama mkwe. Ndani yake mlikuwa na maji, na juu yake sahani ya bati iliyofunikwa kwa kitambaa. Sikumwona aliyeuweka. Niliinua sauti, nikasema, "Asante, mama." Mlango wake ulikuwa wazi nusu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kila mlio wa mtoto wangu ulikuwa ukisikiwa.

Mchana niliweza. Nilikuwa nikishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na siku moja, Achola akiwa mgongoni, niligundua kwamba anapolia nikikanyaga hunyamaza. Ule mtikisiko ulipanda kutoka miguuni mwangu hadi mgongoni, ukamfikia kwenye taya. Basi wateja walipopungua, na walipungua kwa sababu wanawake hawakupenda kuleta nguo za watoto wao kwa mjane asiyetolewa, niliendelea kukanyaga bila kazi. Usiku nilitoa sindano, nikazima taa, nikakanyaga mashine isiyoshona chochote, kitambaa cha ubaridi kikiwa begani na mtoto akikitafuna. Hivyo ndivyo tulivyolala, kwa vipande, mwezi mzima.

Miguu yangu ilivimba. Nywele zilikuwa zikitoka kwa mafungu, bega la kushoto lilinuka maziwa yaliyochacha hata baada ya kuoga, na fundo la pili la kidole changu cha shahada lilifanya sugu ngumu, ya manjano, kama ile aliyokuwa nayo mume wangu pale aliposhikia spana. Niliitazama sugu hiyo mara nyingi. Nilijiambia kwamba sasa tumelingana.

Ouma alikuja tena nje ya ua, safari hii akiwa na unga wa wimbi ndani ya mfuko.

"Shemeji, watu wanasema unashona usiku."

"Wanasema ninashona nini?"

"Wengine wanasema sanda. Wengine wanasema sare za majini wa ziwani."

"Waambie majini hawajalipa, kwa hiyo sijamaliza."

Hakucheka. Aliuweka mfuko chini. "Wanasema pia mtoto anakonda. Wanasema ni chira."

Chira ni ugonjwa unaomwandama mtu kwa sababu mwiko umevunjwa; humkausha, hasa mtoto, kwa kosa la mzazi. Ukishatamkwa juu ya mtoto wako, kila anachofanya huwa ushahidi. Akitema uji, ni chira. Akiharisha, ni chira. Akilia kwa sababu jino linatafuta njia, ni baba yake anadai.

"Ni meno, Ouma," nilimwambia.

"Mimi sijasema kitu. Lakini Mzee Oketch ameamua." Mzee Oketch alikuwa baba mdogo wa marehemu na ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo. "Amesema mvua za masika zikiisha wakati bado hujatolewa, urudi kwenu Sakwa. Nyumba ifungwe."

"Na kaburi la kaka yako litapaliliwa na nani?"

Aliinama akasogeza mfuko wa wimbi karibu zaidi na ua, kana kwamba hilo ndilo jibu. Kisha akaenda.

*

Mvua ilianza kwa ghadhabu katikati ya Machi. Jumatano, tarehe 20, Achola aliamka akiwaka moto. Hakutaka kidole. Hakutaka kitambaa wala titi, na nilipokanyaga cherehani alilia zaidi, akivuta sikio lake la kulia. Alikuwa akilivuta sikio hilo tangu Jumapili, nami nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba mtoto wa meno huvuta masikio.

Alipochoka kulia akalegea, nilimfunga mgongoni nikatoka. Ilinibidi nipite mbele ya nyumba ya mama mkwe, na alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya kichwa.

"Nyar Sakwa!" Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Sakwa. "Mtoto amenyamaza! Kwa nini amenyamaza?"

"Ana homa, mama. Nampeleka hospitali."

"Kubali tu, mwanangu. Nakuomba. Kubali, huyu mtoto apone." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. "Nimebaki na huyu tu wa mwanangu."

"Mama, mimi pia nimebaki na huyu tu."

Tulisimama tukitazamana, kati yetu nafasi ya hatua chache na maji ya mvua. Kama angenyoosha mkono angemgusa. Niliona ukitaka kunyooka. Kisha niliendelea na safari.

Zahanati ya karibu walimpima joto, wakanipa karatasi ya kwenda hospitali kubwa ya Kisumu, na saa sita mchana nilikuwa nimeketi kwenye benchi la chumba cha kusubiri, katikati ya wanawake labda thelathini, kila mmoja akiwa na mtoto na chupa ya maji. Aliyewahi kusubiri pale anajua jinsi muda unavyokwenda: unapimwa kwa kusogea. Unaketi mwisho wa benchi, unasogea nafasi moja, unasogea nyingine, ubao umelainishwa na wote waliosogea kabla yako. Nilikuwa sijaenda chooni tangu alfajiri. Nilikuwa nimefunga miguu pamoja na kuuma meno.

Mwanamke aliyekuwa kando yangu alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na mjukuu mwenye mguu uliofungwa plasta. Alinitazama magoti.

"Mama, lete nikushikie huyo, uende chooni."

Sikuelewa alichosema. Sitii chumvi, maneno yenyewe nilikuwa nimeyasahau.

"Lete," alirudia, akinyoosha mikono. "Hataliwa. Mimi natoka Katito, huko tunakula samaki tu."

Wanawake wawili walicheka. Mimi nilimbana mtoto kifuani. Ningeweza kunyamaza, kwa maana hakuna aliyenijua pale. Lakini sikutaka kuibia mtu baraka yake, kama alikuwa anaishika desturi hiyo hiyo. Nilisema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi ni mjane. Bado sijatolewa."

Alinitazama usoni. Alielewa vizuri, uso wake ulionyesha kwamba anatoka katika desturi ile ile.

"Wewe ni mjane," alisema. "Kwani mtoto naye ni mjane?"

Akamchukua.

Nilikwenda chooni nikakaa humo zaidi ya nilivyohitaji. Nililia nikiwa nimeweka paji la uso kwenye mlango wa bati, kimya, kama mtu anayekohoa. Nilikuwa nimembeba mtoto wangu peke yangu tangu siku mkunga aliponikabidhi. Mgongo wangu, ulipoachwa wazi, ulisikia baridi.

Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya mafua. Alimulika sikio la kulia la Achola kwa kile kikurunzi chao, akavuta pumzi.

"Nani alikuambia hii homa ni ya meno?"

"Mimi mwenyewe."

"Na nyumbani wanasema ni nini?"

"Nyumbani wanasema ni laana."

"Basi mmekosea wote," alisema, bila dharau, akiandika. "Sikio limeoza ndani, na maji yamempungukia mwilini. Meno yapo yanakuja, ndiyo, lakini meno humpa mtoto kero. Hayampi moto kama huu. Ukiona moto kama huu, mama, usiulize meno. Njoo."

Hilo nalikabidhi kwako wewe unayesoma, kama nilivyokabidhiwa.

*

Tulilazwa. Yule mama wa Katito, aliyekuwa na mjukuu wake kitanda cha pili, alikifanya kile chumba kuwa nyumba yake. Aligawa chai. Alimkemea muuguzi kwa jina la utani. Kila nilipolala alimchukua Achola, akamzungusha dirishani, akimwonyesha jiji: "Ule moshi ni wa wanaokaanga samaki. Ile ndege inaenda Nairobi. Usipande, huko hakuna ziwa." Alhamisi mchana nililala usingizi wa saa nzima mfululizo, na nilipoamka nilishtuka kwa sababu hakukuwa na kitu kinachonitafuna.

Ijumaa, tarehe 22, Ouma alifika, akiwa ametumwa na mama yake. Alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi akiwa na ndizi mkononi, macho yamemtoka.

"Shemeji, umempa nani mtoto?"

"Mama huyu anatoka Katito."

"Anajua?"

"Anajua," alijibu mama wa Katito mwenyewe. "Na wewe ndiwe nani, baba? Ndiwe bwana harusi?"

Wodi nzima iligeuka. Ouma alitafuta pa kuweka ndizi zake.

"Mimi ni baba mdogo wa mtoto."

"Vizuri. Baba mdogo, shika mtoto. Huyu mama hajaoga tangu Jumatano, nami nataka kumpeleka kuoga." Na kabla hajajibu, alikuwa ameshamwekea Achola kifuani. Ouma alimshika kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto: viwiko nje, shingo nyuma. Achola alimtazama. Kisha akaishika kola ya shati lake, akaivuta kinywani, akaanza kuitafuna kwa bidii.

"Anafanya nini?"

"Anakusalimu," alisema mama wa Katito.

Niliporudi kutoka kuoga nilimkuta Ouma ameketi kitandani, shati limelowa hadi kwenye kitovu, hajathubutu kusogea. Alikuwa akimnywesha mtoto maji kwa kijiko, kama alivyoelekezwa.

"Shemeji," alininong'oneza, "kijiko hiki kinagonga kitu."

"Kinagonga nini?"

"Sikiliza."

Aligonga taratibu. Kwenye fizi ya chini, upande wa kushoto, kijiko kilitoa mlio mdogo mkavu. Mama wa Katito alikuja, akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Hakukuwa na kitu cha kuonekana bado, ila kimstari cheupe, chembamba kama uzi. Tuliinama wote watatu juu ya kinywa kile. Baba yake angekuwepo, nafikiri angekigonga kwa mara ya pili, kama alivyofanya kwa kila injini, ili awe na hakika.

Tuliruhusiwa Jumamosi. Mama wa Katito alibaki na mjukuu wake. Hakutaka shukrani, alisema nikipita Katito niulize tu mama mwenye kelele, nitaonyeshwa. Nimepita mara mbili tangu hapo na nimeonyeshwa mara zote mbili.

*

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo kila kitu kilibadilika. Jino la kwanza lilitoka, la pili likafuata kando yake wiki ya Pasaka, na Mei yakaanza ya juu, ambayo yalikuwa mabaya kuliko ya chini. Cherehani iliendelea kukanyagwa. Watu waliendelea kupita mbali na ua wangu. Mvua zilikuwa zikielekea ukingoni, na nilianza kukunja vitu vidogo vidogo ndani ya sanduku, bila kujiambia kwamba ninafungasha. Usiku mmoja nilimwambia Achola jinsi Sakwa kulivyo. Nilipomaliza niliona kwamba nimemweleza mambo ya miaka thelathini iliyopita, na kwamba hakuna mtu huko anayenisubiri.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kimetokea nisichokijua. Ouma alikuwa amerudi nyumbani na lile shati. Mama yake alimwuliza ni nani aliyemlowesha, naye hakuweza kusema uongo. Kuanzia siku hiyo mama mkwe alimtazama mwanawe. Alimtazama wiki ya kwanza, akamtazama mwezi wa kwanza, akingojea aanguke. Alimtuma mtu Bondo kumwuliza mke wa Ouma kama mumewe anakula. Anakula sana, mke wake alijibu, kuna tatizo gani?

Mzee Oketch aliita kikao Jumamosi, tarehe 6 Julai 2019, siku nne kabla Achola hajatimiza mwaka. Kilifanyika nyumbani kwa mama mkwe. Naibu wa chifu alialikwa kuwa shahidi, pamoja na mchungaji wetu. Mimi niliwekewa kiti nje, chini ya ukingo wa paa, karibu na mlango, mahali ambapo naweza kusikia bila kuwa ndani. Nilikuwa nimevaa gauni langu la bluu lenye ukosi mweupe, nililoshona mwenyewe. Sanduku lilikuwa tayari nyumbani kwangu. Nilikuwa nimeamua kwamba wakinifukuza sitawaacha waone nikifungasha.

Walizungumza kwa muda mrefu. Mzee mmoja alisema mila ni mila. Mwingine alisema mbona mila hiyo hiyo imeachwa kwa nyumba fulani na fulani, akazitaja, pakazuka ubishi. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, na wote wakanyamaza, kwa kuwa hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya wazee.

"Ouma."

"Naam, mama."

"Ulimshika mtoto wa kaka yako, au hukumshika?"

"Nilimshika."

"Tangu mwezi gani?"

"Tangu Machi, mama."

"Na uko?"

"Niko, mama. Aliniharibia shati tu."

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, na nikamsikia naibu wa chifu akikohoa ili asicheke. Mama mkwe hakucheka.

"Nimesikia mtoto huyu akilia tangu kiangazi hadi mvua," alisema. "Nimemsikia mama yake akikanyaga ile mashine usiku kucha. Nilisema ni laana. Meno yakatoka. Nilisema atakufa. Akanenepa. Mimi ni mzee, sijui kusoma. Lakini Mzee Oketch, kama kumshika kunaua, Ouma angekuwa kaburini, na kama kutomshika kunaponya, mimi ningekuwa nimemponya zamani."

Mvua ya mwisho mwisho ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye viatu vyangu. Kisha Mzee Oketch akaamua, naye alikuwa mtu ambaye akishaamua hutamka kila neno kivyake. Nyar Sakwa hataingiwa na mtu asiyemtaka. Mchungaji atamtoa kwa maombi, leo, mbele ya shahidi. Nyumba ni yake, na shamba la mumewe ni lake na la mtoto. Anayepinga aseme sasa.

Hakuna aliyesema. Mchungaji alitoka nje, akaweka mkono juu ya kichwa changu na mwingine juu ya cha mtoto, akaomba maombi mafupi kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza alisogea kando ya mlango.

"Ingia, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka ndani.

Niliinua mguu. Miezi kumi na saba nilikuwa sijavuka kizingiti kile. Ndani kulikuwa na giza baada ya mwanga wa nje, na kabla macho yangu hayajazoea nilisikia uzito ukiondoka kwenye nyonga yangu. Alikuwa amemchukua. Aliketi naye kwenye kiti chake cha chini, akamgeuza uso, akamtazama kwa muda mrefu akitafuta ndani yake uso mwingine. Kisha akasafisha kidole chake kwa pindo la kanga na kukipitisha taratibu kwenye fizi.

"Mawili chini," alisema. "Na juu... juu yapo mawili. Hapana, ma... ayii!"

Achola alikuwa amemng'ata. Wazee walicheka wote sasa, hata Mzee Oketch. Mimi nilikimbilia kumtoa, kama nilivyozoea.

"Mwache," mama mkwe alisema, machozi yakimtiririka, kidole kikiwa bado kinywani mwa mtoto. "Mwache aniume."

Nilisimama katikati ya chumba. Sikujua niiweke wapi mikono yangu.